Waliovunjika uti wa mgongo Tana River wanazeeka, nani anawahesabu?

ADHABU ya kaburi aijuaye maiti, walinena wahenga, na huenda hakuna kundi la Wakenya linaloufahamu usemi huu vyema kuliko watu waliovunjika uti wa mgongo wakaendelea kuishi. Makala haya yanahusu huko kuendelea kuishi. Kwa miaka mingi mjadala kuhusu majeruhi wa aina hii katika Kaunti ya Tana River umekuwa ukiishia mlangoni mwa hospitali: gari lilipatikana wapi, daktari alikuwapo au hakuwapo, rufaa iliandikwa kwenda Malindi au Mombasa. Lisiloulizwa ni hili: yule aliyeruhusiwa kurudi nyumbani Garsen, Ngao au Kipini akiwa na umri wa miaka 25, miguu imekufa ganzi na kibofu hakimtii tena, ana hali gani anapokaribia miaka 50?

Swali hilo limefika wakati wake. Mapigano ya wakulima na wafugaji yaliyoitikisa Tana River mwishoni mwa 2001 na kuendelea hadi 2002 yaliacha majeruhi wa risasi, mishale na mapanga. Muongo mmoja baadaye yakaja mabaya zaidi. Mnamo Agosti 22, 2012, zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Septemba 10 mwaka huo huo, watu 38 wakiwemo maafisa wa polisi waliangamia Kilelengwani. Desemba ikawa zamu ya Kipao. Serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka, na taifa likawahesabu wafu wake, nyumba zilizoteketea na mifugo iliyokatwakatwa.

Hesabu ya vita, hata hivyo, kwa kawaida huwa ni ya wafu. Aliyepigwa risasi ya mgongo akapona huandikwa "majeruhi" siku ya kwanza, na siku ya pili jina lake linatoka kwenye taarifa za habari. Yeye mwenyewe ndipo anaanza safari ambayo haina siku ya mwisho.

Ni vyema kusema mapema kwamba risasi si chanzo pekee, na pengine si chanzo kikuu. Katika barabara ya Malindi kwenda Garsen na ile ya kutoka Minjila kuelekea Lamu, magari ya abiria hukimbia, na pikipiki za boda boda zimeongeza ajali za namna yake. Katika vijiji vilivyo kandokando ya mto, kijana anayepanda mwembe wakati wa mavuno au mnazi wakati wowote anaweza kuteleza na kuanguka kwa kisogo. Halafu kuna chanzo kisicho na kelele hata kidogo: kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hula pingili polepole huku mgonjwa akidhani ni maumivu ya kawaida ya kiuno, mpaka asubuhi moja miguu inakataa. Ugonjwa huo unatibika, na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma nchini. Ukicheleweshwa, kiti cha magurudumu ndicho kinachobaki.

Ili msomaji aelewe tatizo la kuzeeka, ni lazima kwanza aelewe kilichovunjika. Ndani ya pingili za mgongo mna ugwe, kamba ya neva inayobeba amri kutoka ubongoni na kurudisha hisia kutoka mwilini. Ukikatika au kupondwa, kila kilicho chini ya jeraha hupoteza mawasiliano. Watu huona miguu isiyotembea na kudhani hilo ndilo tatizo lote. La hasha. Kibofu cha mkojo, utumbo, ngozi, jasho, mapigo ya moyo na shinikizo la damu vyote hutegemea kamba hiyo hiyo. Miguu, kwa kweli, ndiyo sehemu ndogo ya mkasa.

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, suala la kuzeeka na jeraha hili halikuwapo, kwa sababu wengi walifariki katika muda wa majuma au miaka michache kutokana na vidonda na figo kuharibika. Mambo yalibadilika baada ya daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, kufungua kitengo maalumu huko Stoke Mandeville, Uingereza, mnamo Februari 1944. Alisisitiza mambo yanayoonekana madogo: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mkojo utolewe kwa usafi, na mtu arudishiwe kazi na michezo. Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ilichipuka hapo. Tangu siku hizo, katika nchi zenye uwezo, mtu aliyevunjika mgongo akiwa kijana huweza kuishi hadi uzeeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na majeraha ya uti wa mgongo, na linaonya kwamba wako katika hatari kubwa zaidi ya kufa mapema kuliko wengine, hasa katika nchi maskini.

Kwa hivyo mtu huyu ana umri wa aina mbili. Mmoja umeandikwa katika kitambulisho chake. Wa pili huanza kuhesabiwa siku aliyoumia, na huo ndio unaoamua hali ya figo, mabega, mifupa na ngozi yake. Aliyeumia mwaka 2001 akiwa na miaka 25 bado ni mtu wa makamo kwa kitambulisho, lakini viungo vyake kadhaa vimechakaa kama vya mzee.

Tuanze na figo, maana ndizo zilizowaua wengi zamani na bado zinaua kimyakimya. Mtu asiyeweza kukojoa mwenyewe hutumia mpira. Njia iliyo salama zaidi ni kuingiza mpira safi mara nne hadi sita kwa siku na kuutoa. Ukipiga hesabu, hiyo ni mipira 120 hadi 180 kwa mwezi iwapo kila mmoja utatumika mara moja tu. Katika kijiji cha delta hakuna anayeweza kufanya hivyo. Wanaojaliwa huosha mpira mmoja na kuutumia tena na tena. Wengine huachiwa mpira wa kukaa ndani, ambao ukiwa wa aina ya kawaida unapaswa kubadilishwa kila baada ya majuma mawili hadi manne. Mpira huo ukikaa mwilini miezi kadhaa huleta maambukizi, mawe ya kibofu, na baada ya miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya kibofu. Mkojo unaorudi juu nao huzivimbisha figo bila maumivu yoyote, kwa kuwa mwenyewe hana hisia za kumtahadharisha. Ndiyo maana wataalamu hupendekeza figo zichunguzwe kwa picha ya mawimbi ya sauti na kipimo cha damu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama mtu anajihisi mzima.

Hapo ndipo jiografia inapoingia. Tana River ni kaunti pana yenye watu 315,943 tu kwa mujibu wa sensa ya 2019, waliotawanyika kutoka Bura hadi bahari ya Kipini. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Hola, na wakazi wa delta hutegemea zaidi Hospitali ya Ngao, iliyo karibu na Tarasaa. Kinachozidi uwezo wa hizo hupelekwa Malindi, au Mombasa iliyo zaidi ya kilomita 200 kutoka Garsen. Na hospitali pekee ya umma nchini iliyojitolea kwa majeraha ya uti wa mgongo iko Nairobi, mtaa wa Kilimani, ikiwa na vitanda thelathini na kitu kwa taifa lenye watu zaidi ya milioni 50. Mtu wa Garsen akitaka kufika huko kwa kupitia Mombasa anasafiri karibu kilomita 700. Aketi vipi saa zote hizo kwenye kiti cha basi bila kupata kidonda? Swali hili huwa halimo katika fomu ya rufaa.

Vidonda vya kulalia vinastahili aya yao. Mtu mwenye hisia husogea kitini bila kufikiri. Asiye na hisia hukaa pale pale hadi ngozi inakosa damu na kuoza kuanzia ndani. Kijana huweza kujiinua kwa mikono kila baada ya nusu saa. Akifika miaka 50, ngozi imekuwa nyembamba, nyama za makalio zimekwisha, na mabega yanauma kiasi kwamba kujiinua kwenyewe ni mateso. Kidonda kilichoonekana kama wekundu mdogo siku ya Ijumaa kinaweza kufika mfupani baada ya majuma machache. Dawa yake iliyo bora ni mto mzuri wa kukalia, godoro linalofaa na jicho la mtu mwingine kila jioni. Si teknolojia ya roketi, lakini mto huo duka la Garsen halinao.

Mabega nayo yana kisa chake. Bega la binadamu liliumbwa kwa ajili ya kufikia na kushika, wala halikuumbwa kubeba uzito wa mwili mzima kila siku. Anayesukuma kiti kwa miaka 20 huligeuza bega kuwa mguu. Katika sakafu za saruji za jiji hilo linavumilika. Katika udongo mweusi wa delta, unaonata kama gundi mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka, au katika mchanga wa Kipini, kila mita moja ni kama kupanda mlima. Kano huchanika. Na mtu ambaye mikono ndiyo miguu yake akiumwa na bega hawezi kuambiwa apumzike; akipumzika hatoki kitandani, hafiki chooni, hali.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya magurudumu katika maeneo yenye uhaba, likisisitiza kwamba kiti kipimwe kulingana na mtu na ardhi anayoishi. Humu nchini chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kimekuwa kikitengeneza viti na vifaa vingine, na karakana zake za Bombolulu, Mombasa, zinajulikana pwani nzima. Ujuzi upo. Ila tumezoea kuona katika hafla za wanasiasa viti vya kusukumwa korido za hospitali vikigawiwa mbele ya kamera kwa watu wanaoishi mashambani. Gurudumu dogo la mbele huzama kwenye matope siku ya kwanza. Baada ya mwaka mmoja kiti hicho kinafugia kuku. Fundi wa baiskeli pale Minjila angeweza kutunza kiti chenye magurudumu ya baiskeli kwa spoki na tairi alizo nazo dukani. Hakuna aliyefikiria kumhusisha.

Kuna hatari nyingine ambayo hata wahudumu wa afya wengi hawaijui, na hapa namwomba msomaji mwenye ndugu wa aina hii asome kwa makini. Mtu aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake anaweza kupandwa ghafla na shinikizo la damu la kutisha kwa sababu ndogo tu chini ya jeraha: mpira wa mkojo uliojikunja, choo kigumu, kidole kilichobanwa na kiatu. Kichwa humgonga, uso hujaa jasho na wekundu, moyo hupunguza mwendo. Katika zahanati ya kijijini, homa na maumivu ya kichwa ni malaria mpaka ithibitishwe vinginevyo, au ni presha ya kawaida inayopewa vidonge. Wakati dawa inatafutwa mishipa ya ubongo inaweza kupasuka. Hatua za kwanza hazihitaji dawa: mkalishe wima, legeza nguo, fungua mpira wa mkojo au ondoa kilichouziba, kagua choo. Muuguzi mmoja aliyefunzwa kwa nusu siku anaweza kuokoa uhai. Hatari hiyo haiishi kwa kupita kwa miaka, na kwa mtu ambaye mishipa yake imezeeka kiharusi kiko karibu zaidi.

Joto la Garsen ni adui wa namna hiyo hiyo. Mwili usiotoa jasho chini ya jeraha hauwezi kujipoza. Mtu hukaa ndani ya nyumba ya mabati saa nane mchana akipanda joto kama mgonjwa wa homa. Angekunywa maji zaidi, lakini maji zaidi ni mkojo zaidi, na mkojo zaidi ni mipira zaidi. Basi anajizuia kunywa, na figo ndizo zinazolipa deni.

Halafu mto hufurika. Ulifurika wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, ukafurika tena 2018, ukarudi mwishoni mwa 2023 na katika masika ya 2024. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika eneo la Gamba. Watu walihamia penye mwinuko kwa mitumbwi, wakiwa na watoto na magodoro. Asiyeweza kutembea hubebwa mgongoni, na kiti chake huja baadaye kama kitakuja. Kambini choo ni shimo la kuchuchumaa, godoro limelowa, maji ya kuoshea mpira ni yale yale ya mafuriko. Mipango ya maafa huzungumzia walemavu kwa sentensi moja, kana kwamba kipofu, kiziwi na aliyepooza wanahitaji kitu kimoja.

Je, sheria zinasemaje? Zinasema vizuri. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 54 kinataja haki ya walemavu kupata vifaa. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Walemavu mwaka 2008. Sheria ya Walemavu ya 2003 imefuatwa na mpya iliyotiwa saini Mei 2025, baada ya mswada uliowasilishwa na Seneta Crystal Asige. Si haki kudai kwamba hakuna kilichofanyika.

Shida iko katika jinsi tunavyopima mahitaji. Mpango wa Inua Jamii huwalipa wazee Sh2,000 kwa mwezi kuanzia miaka 70. Ule wa walemavu wanaohitaji kuangaliwa muda wote hulipa kiasi hicho hicho, na malipo mara nyingi huchelewa kwa miezi. Wa kwanza unasoma kitambulisho tu na hauoni ule umri wa pili tuliouzungumzia. Wa pili unamchukulia mlemavu wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa 24 kuwa sawa. Bima nayo ilibadilika Oktoba 2024, NHIF ikaondoka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi. Mtu asiye na ajira hutozwa kuanzia Sh300 kwa mwezi. Kwa mchuuzi wa Garsen mwenye afya hiyo ni sawa na nauli. Kwa nyumba ambayo Sh2,000 zinagawanywa kati ya unga, mipira na sabuni, ni hesabu nyingine kabisa.

Ninayemwonea imani zaidi ni mtu ambaye hatajwi popote. Anayemgeuza usiku, kumbeba chooni na kumwosha kidonda mara nyingi ni mama yake au mkewe. Mama aliyekuwa na miaka 45 mwanawe alipoletwa nyumbani mwaka 2001 sasa yuko karibu na 70. Mgongo wake mwenyewe umepinda. Mwili wa mwana umekuwa mzito, mikono ya mama imelegea, na vijana wengine wa nyumba wamekwenda Malindi na Mombasa kutafuta riziki. Siku mama atakapoanguka, wawili watakuwa wagonjwa kwa mpigo. Hakuna hospitali inayomwuliza mlezi anayeleta mgonjwa kama yeye mwenyewe anaumwa wapi.

Mwaka 2012 Zachary Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na wezi wa magari mwaka 2004, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akisema anaelekea Afrika Kusini, ili Wakenya wachange Sh250 milioni za kujenga kituo cha kuwarekebisha waliovunjika mgongo. Taifa liliguswa. Lilikuwa jambo jema, lakini lilituzoesha kufikiria kwamba jibu ni jengo kubwa karibu na Nairobi. Mtu wa Wema au Ozi hahitaji jengo la Athi River kila mwezi. Anahitaji mpira safi Jumatatu ijayo.

Na hilo linawezekana bila mabilioni. Wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa nchini Septemba 2023 tayari wanatembea nyumba kwa nyumba na vipimo vya presha na sukari. Wakifundishwa kutazama makalio na visigino, na kuuliza mpira ulibadilishwa lini, vidonda vingi vitagunduliwa vikiwa bado ni wekundu tu. Ngao na Hola zinaweza kutenga siku moja kila baada ya miezi mitatu kwa watu hawa pekee: damu, picha ya figo, ukaguzi wa kidonda, fundi wa kiti nje ya mlango, na mlezi naye apimwe. Bajeti ya dawa ya kaunti ikinunua mipira kwa jumla, itagharimu sehemu ndogo ya kile kinachotumika kumsafisha damu mtu mmoja ambaye figo zimekufa.

Kinachokosekana kwanza ni orodha. Sensa ya 2019 iliuliza nani anapata ugumu wa kutembea, kuona, kusikia na kadhalika. Haikumtenga aliyevunjika ugwe na mzee mwenye magoti mabovu. Kaunti haiwezi kununua mipira kwa watu isiowajua. Majalada ya waliolazwa na majeraha ya mgongo yamo katika stoo za hospitali, na wale waliorudi vijijini wanajulikana kwa majina na machifu, maimamu na wachungaji wa kila mtaa. Karani mmoja, pikipiki moja na miezi mitatu ya kiangazi, kabla barabara za delta hazijafungwa na mvua, vinatosha kuanza.